Kaka anataka tuuze nyumba ya baba, mimi naikarabati

*Shangazi, marehemu baba alituacha watatu na nyumba ya ghorofa moja Kitumbini, Dar es Salaam, ya mawe na chokaa, yenye roshani ya mbao. Akiba yangu yote nimeimalizia kwenye ukarabati, na kila masika lipu mpya ya saruji inabanduka. Kaka anasema tuuze, ivunjwe, lijengwe jengo refu. Tangu Idi hatusalimiani. Nifanye nini?*
*Dada wa Kitumbini*

Pole sana, mwanangu. Nianze na ukuta, maana ndio unaokula pesa zako. Mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini. Lipu ya chokaa huuacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani, chumvi ikajikusanya nyuma yake hadi ikaisukuma. Gonga penye uvimbe, utasikia pakilia patupu. Fundi akirudi na mfuko wa saruji, mrudishe nao. Gamba lote libanduliwe taratibu, mawe yasimeguke, ukuta ukauke vya kutosha, ndipo upigwe chokaa na mchanga usio na chumvi, tabaka nyembamba nyembamba. Nenda ukaitazame Boma la Kale, Sokoine Drive: ni jengo la matumbawe la Sultani Majid, la miaka ya 1860, na linatumika hadi leo.

Sasa kaka yako. Simwoni kuwa na tamaa. Umetia pesa kwenye mali ya watatu bila kuwauliza wenzio, naye anaona haki yake inazama ukutani. Je, mahakama imeshamthibitisha msimamizi wa mirathi? Kama bado, yeye hawezi kuuza kihalali, na wewe huna pa kudai gharama zako. Anzeni hapo, na risiti zako uzikusanye zote. Ulizeni pia Idara ya Mambo ya Kale kama jengo limetangazwa kulindwa chini ya sheria ya mwaka 1964. Kama limetangazwa, hakuna wa kulivunja kiholela, na mnunuzi wa kiwanja atabadili bei.

Ningekuwa wewe, ningependekeza fremu za maduka za chini zipangishwe, kodi ilipe ukarabati mliokubaliana kwa maandishi, inayobaki mgawane kwa mafungu yenu ya mirathi. Akikataa, mleteni mthamini, kisha umlipe kaka yako fungu lake kidogo kidogo. Na kama huna uwezo huo, mwanangu, kubali iuzwe. Naipenda roshani hiyo kama wewe, ila haki ya ndugu yako siwezi kukushauri uishikilie.

Mpigie simu wewe, leo, kabla hujamwita fundi.