Mbiu iliyokataa kunyamaza viungoni mwangu

Kwa miezi saba niliamka vidole vimekakamaa, siwezi kufunga kifungo wala kusonga ugali. Saa nne asubuhi vilianza kulegea, nami nikajiambia ni baridi ya alfajiri. Nikawa nanunua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, duka la dawa la mtaani. Maumivu yalipungua, uvimbe ukabaki palepale.

Wewe unayefanya hivyo leo, naomba unisikilize.

Hospitali walinipima damu, kipimo cha CRP, protini inayopanda kwenye damu mwili ukiwa na uvimbe, kikatoka juu, nikaambiwa nina baridi yabisi: kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. CRP hutengenezwa na ini, na ini huwa limeitikia mbiu. Mbiu hiyo ni protini ndogo ziitwazo saitokini. Chembe za kinga zikigundua kijidudu au jeraha, huzitoa kuita wenzao. Mojawapo, TNF, hulegeza kuta za mishipa midogo ya damu ili maji na chembe nyeupe zipite, na hapo ndipo panapovimba na kupata moto. Nyingine, IL-6, hulifikia ini, nalo likatengeneza CRP. IL-1 huamsha homa kupitia ubongo. Kazi ikiisha, nyingine kama IL-10 hutuliza, kidonda kikafunga. Kwangu mbiu ililia bila adui, gegedu (ule utando laini unaofunika ncha za mifupa) na mfupa vikawa vinaliwa.

Diklofenaki huzuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea maumivu, kwa hiyo maumivu hushuka. TNF haiigusi. Laiti ningelijua hilo mwezi wa kwanza! Gegedu iliyolika hairudi, na kidole changu kimoja cha kushoto kimepinda kwa kudumu.

Kwa hiyo vidole vikivimba na kukakamaa kila asubuhi kwa saa nzima, wiki baada ya wiki, nenda ukapimwe. Ukiandikiwa metotreksati, dawa ya kuituliza kinga hiyo, ni mara moja kwa WIKI. Ukiimeza kila siku inaweza kukuua. Mimi humeza Ijumaa, na asidi ya foliki siku nyingine. Usiitumie ukiwa mjamzito au unapotafuta mtoto. Kuwa na subira pia, nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Ukiwa umetumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, kwa muda mrefu, usiikatishe ghafla.

Zipo pia sindano zinazoikamata TNF yenyewe. Marc Feldmann na Ravinder Maini walianza kuzijaribu kwa wagonjwa wa baridi yabisi huko London mwaka 1992, na uvimbe ukashuka. Ni ghali mno, na zina jambo linalotuhusu sana huku kwetu: TNF hiyohiyo husaidia kushikilia ukuta unaowafungia vijidudu vya kifua kikuu mapafuni. Ukiizima, waliolala wanaweza kuamka. Ndiyo maana mtu hupimwa kifua kikuu kwanza.

Mimi bado sijazihitaji. Lakini baba aliwahi kuugua kifua kikuu tukiishi nyumba moja, basi nilimweleza daktari siku ileile ya kwanza, naye akaliandika kwenye faili langu.