Wasomaji Wanauliza: Gundi Iliyong'ang'ania Jiwe Lililong'arishwa

SWALI: Nina duka la mawe ya mapambo Arusha. Nauza akiki, amethisti, malakaiti kutoka Kongo na vinyago vya mawe ya Kisii. Bei tunaziandika kwenye stika. Zikikaa dirishani miezi kadhaa, karatasi inabanduka na gundi inabaki, inashika vumbi hadi inakuwa nyeusi. Kijana wangu wa dukani alizikwangua kwa wembe, akamalizia kwa limau. Sasa akiki zina mistari ya kijivu na malakaiti imepauka. Nitazirudishaje?

JIBU: Akiki zako huenda ni nzima. Ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni karibu 7, na wembe hauvuki sana 5.5, kwa hiyo aliyeumia hapo ni wembe: chuma chake kimesagika na kubaki juu ya jiwe. Chukua dawa nyeupe ya meno, tone la maji na kitambaa, usugue. Mstari ukifutika, ulikuwa chuma. Ukibaki na ukucha ukikwama ndani yake, huo ni mkwaruzo wa kweli, na mara nyingi umetokana na punje ya mchanga iliyokuwa imenasa kwenye gundi.

Malakaiti ni habari nyingine. Ni kaboneti ya shaba, ugumu wake 3.5 hadi 4, na asidi yoyote inaila: limau, siki, hata dawa za kusafishia choo. Huo upaukaji si uchafu uliokaa juu, ni uso wenyewe ulioliwa, kwa hiyo usipoteze sabuni. Mpelekee fundi aung'arishe upya, na aufanye kwa maji muda wote, kwa sababu vumbi la malakaiti lina shaba na halifai kuvutwa puani. Amonia nayo, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, huiharibu vilevile.

Sasa namna ya kutoa gundi. Wengi huanza kwa kuuliza gundi hii inatolewa na nini. Anza kwa kuuliza jiwe linavumilia nini, kisha panda kutoka kilicho laini kwenda kikali, ukisimama pale gundi inapoachia.

Kwa akiki, amethisti na jamii yote ya madini ya kwazi (quartz), loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwa dakika 15 hadi 20. Yasiwe ya moto: amethisti yenye nyufa ndani inaweza kupasuka joto likibadilika ghafla. Kisha sukuma gundi kwa ncha ya kidole gumba ukiiviringisha. Gundi changa ya stika hujikunja vijipande na kutoka yenyewe. Ikigoma, paka matone mawili ya mafuta ya kupikia, acha dakika 20, futa, halafu osha kwa sabuni. Mafuta hulainisha hasa gundi zenye asili ya mpira. Zile za akriliki, ambazo ndizo nyingi kwenye stika za siku hizi, husikia zaidi spiriti. Lowesha kipande cha pamba, kibandike juu ya doa kwa dakika moja au mbili, kisha futa kuelekea upande mmoja. Ukizungusha unaipaka tu kwa upana. Badilisha pamba kila inapochafuka, la sivyo unarudisha ulichokitoa. Spiriti yenyewe iwe isiyo na rangi. Ile ya zambarau inaweza kuacha rangi yake kwenye jiwe lenye vinyweleo.

Gundi iliyopigwa na jua kwa muda mrefu huwa ngumu kama ngozi kavu na spiriti inaweza kushindwa. Hapo ndipo asetoni inapoingia, kwa jiwe gumu tu, ambalo halikutiwa rangi wala kujazwa resini, yaani gundi ngumu ya kuziba nyufa. Akiki za waridi kali au buluu iliyokolea mara nyingi zimetiwa rangi. Jaribu kwanza upande wa chini: bonyeza pamba nyeupe yenye asetoni kwa dakika moja, uitazame. Ikiwa na rangi ya jiwe, acha. Dawa ya kutolea rangi ya kucha si mbadala mzuri, kwani nyingi zina mafuta na manukato yanayoacha utando, na nyingine hazina asetoni kabisa. Thina ya rangi ya magari tunaikataa moja kwa moja: ni mchanganyiko usiojulikana umechanganywa na nini.

Malakaiti zilizobaki na stika usiziloweke. Lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kiweke juu ya gundi dakika tano, viringisha kwa kidole, kausha mara moja. Nyingi hupakwa nta, au nyufa zake hujazwa resini, na ndiyo maana asetoni haifai hapo hata kama yenyewe si asidi.

Mawe ya Kisii, yanayochongwa huko Tabaka, Kenya, ni laini kiasi kwamba ukucha unaweza kuyachora. Usipake mafuta; jiwe jeupe au la waridi hufanya doa jeusi linalokaa. Usipake spiriti penye rangi na michoro, itaondoka pamoja na gundi. Tumia kifutio cheupe cha penseli, kikavu, ukivuta taratibu kutoka ukingo wa doa kuja katikati. Ikishindikana, pasha kwa kikausha nywele kwa joto la chini, kwa umbali wa shibiri moja, nusu dakika, kisha inua gundi kwa kadi ya simu ya plastiki. Mng'ao ukipungua, paka nta ya viatu isiyo na rangi kwa uchache, sugua kwa kitambaa kikavu.

Na stika? Ziandikie mifuko midogo, au funga bei kwa uzi. Jiwe la shilingi elfu tano halistahili kazi yote hii.

SWALI: Ninajifunza kukata vito. Nimebandika tanzanite kwenye dopu, kile kijiti cha chuma cha kushikia jiwe linapokatwa, kwa supaglu na nimemaliza upande mmoja. Mwenzangu anasema nipashe kwa taa ya spiriti, litaachia mara moja. Nifuate?

JIBU: Hapana, si kwa tanzanite. Ina uelekeo mmoja ambao huchanika kirahisi mno, na joto la ghafla hufungua mchaniko huo, hasa ukiwa na ufa mdogo usiouona kwa macho. Ugumu wake ni 6 hadi 7 tu. Friza, kama utashauriwa kuachisha gundi kwa baridi, nayo iepuke kwa sababu hiyohiyo, na mashine ya kusafishia kwa mitetemo usiiguse.

Tumia asetoni na subira. Chukua chupa ndogo ya kioo yenye kifuniko cha bati, mimina asetoni ifunike jiwe na ncha ya dopu, funga, iache mahali pasipo na joto. Plastiki nyepesi ya vikombe vya chai huyeyuka, usiitumie. Supaglu huanza kulainika pembeni, kwa kuwa asetoni inaingia kupitia mstari mwembamba wa gundi kati ya jiwe na chuma. Saa kadhaa zinaweza kutosha, au usiku mzima. Usijaribu kuzungusha jiwe kwa koleo ili kuharakisha. Ukisukuma kwa kidole na halisogei, lirudishe. Tandika kitambaa chini ya chupa unapolitoa, maana likiachia huanguka ghafla. Utando mweupe utakaobaki ufute kwa pamba na asetoni mpya.

Kama ulitumia epoksi, asetoni haitaiyeyusha. Itaivimbisha na kuifanya kama mpira, na hiyo ni kazi ya siku moja hadi tatu. Nta ya dopu yenye lakri huachia kwa spiriti.

Taa ya spiriti ina kazi yake kwa kwazi na ganeti zisizo na nyufa. Hata hapo, moto hupelekwa kwenye dopu, joto lipande kwenye jiwe lenyewe polepole, na jiwe lililotoka huwekwa juu ya mbao kavu, si kwenye maji. Muhimu kuliko yote: taa na asetoni visikae meza moja. Mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa, hutambaa juu ya meza hadi kwenye moto, kisha moto hurudi nao hadi kwenye chupa.

Zumaridi likija mezani kwako, kumbuka kwamba mengi hutiwa mafuta kuficha nyufa. Asetoni itayatoa, na mwenye jiwe atakuuliza umelifanya nini.

SWALI: Mafundi rangi waliacha utepe wa gundi kwenye sakafu yangu ya marumaru wiki kadhaa. Nilipaka mafuta ya kupikia, gundi ikatoka, sasa pana kivuli cheusi.

JIBU: Mafuta yameingia ndani ya jiwe. Changanya magadi ya kuokea na asetoni hadi upate uji mzito, paka unene wa nusu sentimita, funika kwa nailoni, bandika kingo kwa utepe unaotoka kirahisi, acha saa 24. Fungua, acha ukauke kabisa, uondoe kwa mwiko wa plastiki. Mafuta hupanda na uji unapokauka, kwa hiyo ukiufuta ungali mbichi umepoteza siku. Rudia mara mbili au tatu. Fungua madirisha, zima jiko. Kama sakafu ni terazo iliyofungwa kwa resini badala ya saruji, usitumie asetoni. Tumia magadi na maji.

SWALI: Tasbihi ya bibi, punje za njano zinazofanana na kaharabu, ina gundi ya selotepu. Nitumie spiriti?

JIBU: Usitumie. Inawezekana ni sandarusi, utomvu ule ambao pwani yetu na Unguja viliuuza sana nje katika karne ya 19 kwa ajili ya vanishi. Spiriti hulainisha uso wa punje. Asetoni huufanya unate, ukaganda na alama za vidole vyako. Kaharabu halisi ni imara zaidi, ila nayo hupoteza mng'ao.

Weka tone la mafuta ya zeituni kwenye kijiti cha pamba, gusa gundi tu, subiri dakika tano, viringisha kwa kidole, kisha futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Uzi usilowe, kwani ukiwa wa zamani huoza na kukatika. Kausha kivulini.