Michoro ya Mama Mwalimu

SWALI: Mama yetu, aliyefundisha uchoraji shuleni hapa Iringa hadi alipostaafu, alitutoka mwezi uliopita. Ametuachia sanduku la michoro ya rangi za maji, na pembeni mwa mingi ameandika kwa penseli jina la mtoto aliyempakata siku ile akichora. Ndugu wanataka tuipige laminesheni kabla ya arobaini. Je, tukubali?
Msomaji, Iringa

JIBU: Pole sana, wewe na familia yote. Nakusihi msikubali, kwa sababu plastiki ile hugandishwa kwa moto na gundi, na ikishashika karatasi haibanduki tena bila kuichana. Selotepu nayo huacha madoa ya manjano. Rangi za maji hupauka kwa mwanga, hivyo mchoro mtakaouweka kwenye fremu utundikwe ukuta usiopigwa na jua, na kioo kisigusane na karatasi, maana katika mvua za nyanda za juu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, unyevu hujikusanya hapo na kuleta ukungu. Iliyobaki ilazwe bapa ndani ya boksi, juu ya rafu na si sakafuni.

Maandishi yale ya penseli msiyafute kamwe. Kwangu mimi yana thamani kuliko rangi zenyewe, kwani yanamwonyesha mama na mwalimu katika karatasi moja. Yapigeni picha, kisha siku ya arobaini kila mtoto asome lililoandikwa kwenye mchoro wenye jina lake.