Maswali Yenu: Jinsi ya Kuzuru Majumba Makuu ya Sanaa

Nitakuwa na saa tatu tu ndani ya Louvre, Paris. Nianzie wapi?

Louvre huweka wazi kazi zipatazo 35,000. Ukiipa kila moja sekunde kumi, utahitaji zaidi ya saa 95 bila kukaa. Kwa hiyo chagua kazi sita au saba kabla hujatoka nyumbani, na nyingine zote uzihesabu kuwa bahati ya njiani.

Jumba lina mabawa matatu: Denon, Sully na Richelieu. Wengi wanaoshuka chini ya piramidi ya kioo hukata kuelekea Denon, maana Mona Lisa yuko huko, chumba cha 711. Picha yenyewe ni ndogo, sentimita 77 kwa 53. Iko nyuma ya kioo na utaitazama kwa mbali huku wenzako wakikusukuma. Kama ni lazima uione, ingia milango inapofunguliwa saa 3 asubuhi na uiendee moja kwa moja, au chagua Jumatano au Ijumaa, jumba linapokaa wazi hadi saa 3 usiku. Ukiridhika, geuka nyuma. Ukuta wa pili umebeba *Arusi ya Kana* ya Veronese, karibu mita 7 kwa 10, na watu huipa mgongo mchana kutwa. Kisha toka uingie Grande Galerie. Humo mna picha nyingine za Leonardo da Vinci, mchoraji wa Mona Lisa, kama *Bikira wa Miamba*, na hizo utazisogelea bila kupigana vikumbo.

Baada ya hapo vuka hadi Richelieu, ghorofa ya pili, kwa *Mfuma Lesi* wa Vermeer. Ni sentimita 24 kwa 21 tu, lakini mpe robo saa nzima. Tazama nyuzi nyekundu na nyeupe zinazochomoza kwenye mto wa kushonea ulio mbele: ukikaribia utaona ni rangi iliyoachwa itiririke kama uji mwepesi, haina hata umbo la uzi. Halafu panda na macho hadi kwenye vidole vyake. Uzi alioushika pale umenyooka, mwembamba kama unywele. Vermeer amefifisha kilicho karibu nawe ili jicho lako likatue pale anapotazama mfumaji mwenyewe.

Tahadhari moja: vyumba hufungwa kwa zamu, na picha huazimwa kwenda kwingine. Pitia ratiba ya vyumba kwenye tovuti ya jumba siku moja kabla.

Nilisafiri mbali nikakuta mlango umefungwa. Kwani majumba haya hupumzika lini?

Kila moja lina siku yake, na hapo ndipo wageni hunaswa. Louvre hufunga Jumanne, Orsay, iliyo Paris pia ng'ambo ya mto Seine, hufunga Jumatatu. Uffizi ya Florence na Hermitage ya Saint Petersburg ni Jumatatu pia. Metropolitan ya New York ni Jumatano. Makumbusho ya Vatikani hufunga Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Rijksmuseum ya Amsterdam haifungi siku yoyote ya mwaka.

Kwa nini *Karamu ya Mwisho* mjini Milano hutazamwa kwa dakika 15 tu?

Kwa sababu Leonardo hakuichora kwa njia ya kawaida ya kuta. Mchoraji wa ukutani alipaka rangi juu ya chokaa mbichi, rangi ikanyweka na kuganda pamoja na ukuta. Njia hiyo humlazimu afanye haraka, chokaa isije ikakauka. Leonardo alitaka kurudia na kurekebisha, basi kati ya 1495 na 1498 hivi akapaka juu ya plasta kavu. Rangi haikushika vizuri, ikaanza kubanduka yeye mwenyewe angali hai. Ukarabati wa mwisho ulianza 1978 ukamalizika 1999.

Adui sasa ni vumbi na unyevu tunaoingia nao kwenye nguo na pumzi. Ndiyo maana wageni huingia kwa makundi madogo, wakipita vyumba ambavyo mlango mmoja haufunguki mpaka wa nyuma ufungwe. Tiketi hutolewa kwa mafungu na huisha upesi mno. Ukifika bila tiketi, usitegemee kuikuta mlangoni. Ukiingia, tazama chini katikati: mwaka 1652 ulitobolewa mlango pale, nao ukaondoka na miguu ya Yesu.

Kibao kando ya picha kina maneno na namba nyingi. Nakisomaje?

Anzia jina la msanii, maana neno linalolitangulia ndilo lenye uzito. Jina likiwa peke yake, jumba linasimama na msimamo kwamba ni mkono wake. "Inadhaniwa ni ya" maana yake wataalamu wanaegemea huko bila uhakika kamili. "Karakana ya" ni kazi ya wasaidizi chini ya jicho la bwana wao. "Mfuasi wa" ni mtu mwingine aliyeiga mtindo, pengine hata hakumjua. Na "kwa kufuata" ni nakala.

Vipimo huandikwa kimo kwanza, kisha upana. Namba ya mwisho ni ya daftari la jumba, na mara nyingi huficha mwaka kazi ilipoingia: *Mandhari ya Toledo* ya El Greco pale Metropolitan ni 29.100.6, yaani iliingia 1929.

Naruhusiwa kupiga picha na kubeba begi?

Louvre unaruhusiwa kupiga kwenye maonyesho ya kudumu, bila flashi. Prado ya Madrid hairuhusu, wala Kanisa la Sistina. Huko Vatikani funika pia mabega na magoti. Begi kubwa liache kwenye hifadhi ya mizigo. Dogo livae kifuani, kwa kuwa mwenye begi mgongoni haoni linachogonga anapogeuka. Ukipenda kuchora, beba penseli. Wino ukiruka kwenye turubai ni balaa.

Pesa yangu ni ndogo. Kuna pa kuingia bure?

Ndiyo. National Gallery ya London na ile ya Washington hazitozi kiingilio kwa hazina yao ya kudumu. Prado huacha mlango wazi saa mbili za mwisho: kuanzia saa 12 jioni Jumatatu hadi Jumamosi, na saa 11 jioni Jumapili. Foleni huanza kabla ya hapo, kwa hiyo wahi, na ukiingia nenda kwanza kwenye *Las Meninas*, picha ya Velázquez.