Maswali ya Wasomaji: Pikapu iliyoongezwa nguvu na waranti ya kiwanda

SWALI: Pikapu yangu ya dizeli bado iko ndani ya waranti. Fundi anasema atabadili programu ya kompyuta ya injini ili ivute zaidi, na siku ya kuipeleka kwa wakala ataniwekea ile ya zamani, hakuna atakayejua. Ni kweli?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Kompyuta nyingi za injini huhesabu ni mara ngapi zimeandikwa upya, na baadhi huhesabu pia swichi imewashwa mara ngapi tangu programu ya mwisho iingie. Kama gari limetembea kilomita 40,000, hesabu ya swichi inasoma 12, na wakala hana rekodi ya kuligusa, hahitaji kukuuliza kitu.

Kama programu mpya bado imo, kuna namba ya uthibitisho. Kompyuta huikokotoa yenyewe kutokana na data iliyomo ndani, na ukigusa hata kipimo kimoja cha mafuta, inatoka tofauti. Fundi wa wakala huchomeka mashine kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, anaisoma, anailinganisha na ya kiwanda. Katika kundi la Volkswagen, gari likishagundulika huwekewa alama ya TD1 kwenye rekodi, na wakala mwingine yeyote wa kampuni ataiona.

SWALI: Nilishaongeza nguvu. Sasa giaboksi inateleza, na kiyoyozi nacho kimekufa. Wakala anasema waranti yote imefutika. Ana haki?

JIBU: Kuhusu kiyoyozi, hoja yake ni dhaifu. Programu ya injini haiui feni ya kiyoyozi, wala redio, wala mota ya dirisha. Marekani, kwa mfano, sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 hairuhusu kampuni kukunyima waranti kwa sababu tu umefunga kifaa cha nje. Lazima ionyeshe kuwa kifaa hicho ndicho kilicholeta hitilafu. Kwingineko anzia kwenye kitabu cha waranti chenyewe, hasa sehemu ya mambo yasiyolipiwa. Mara nyingi humo hutajwa uharibifu uliosababishwa na mabadiliko, jambo ambalo si sawa na kusema mabadiliko yoyote yanafuta kila kitu.

Giaboksi ndiyo kesi ngumu. Kwenye giaboksi ya otomatiki, sahani za klachi zimepimwa kwa torki (nguvu ya kuzungusha) ya kiwanda pamoja na akiba kidogo. Torki ikizidi shinikizo la oili linalozibana, sahani huteleza, huungua, na oili hugeuka nyeusi yenye harufu ya kuungua. Hali hiyo inaendana moja kwa moja na nguvu iliyoongezwa, kwa hiyo wakala ana pa kusimamia. Pistoni nazo ni hivyo hivyo: mafuta mengi kuliko hewa hupandisha joto la moshi, na likikaa juu kupita kiasi kwa muda mrefu, tuseme unavuta trela mlimani, kichwa cha pistoni cha alumini kinaweza kupasuka au kuyeyuka. Gasketi ya silinda hedi nayo huvuja shinikizo linapozidi uwezo wa bolti.

Dai jibu la maandishi: kifaa gani kimeharibika, ushahidi ni upi, na kifungu gani cha waranti kinatumika. Omba nakala ya data iliyosomwa. Ambatisha risiti za oili na filta, maana bila hizo utakataliwa kwa sababu nyingine kabisa. Na usiruhusu giaboksi ifunguliwe kwa fundi wa nje kabla ubishi haujaisha. Ushahidi wako umo humo ndani.

SWALI: Vipi kile kisanduku cha kuongeza nguvu kinachochomekwa kwenye sensa?

JIBU: Hakiandiki programu, kwa hiyo namba ya uthibitisho haibadiliki. Kinachofanya ni kuidanganya kompyuta: tuseme shinikizo kwenye reli ya mafuta (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli) ni baa 1,800, chenyewe kinaripoti 1,600, na kompyuta inaiamuru pampu iongeze. Pampu na nozeli hubeba mzigo ambao kompyuta haiuoni, na hizo ndizo huharibika mapema. Ukikitoa, plagi yenye mikwaruzo na hitilafu za shinikizo zilizohifadhiwa kwenye kompyuta hubaki. Kama ni lazima uongeze nguvu, ulizia kwanza kama kiwanda chako kinauza seti yake chenyewe. Baadhi huziuza pamoja na waranti ya maandishi.