Kabla Bweni Halijawaka Moto

Nimefundisha shule za bweni hapa Kenya miaka mingi, na kwa sehemu kubwa nimekuwa mwalimu wa ushauri nasaha. Wenzangu wakiniuliza tufanye nini ili muhula wa pili upite salama, bila fujo wala moto, sianzi na walinzi wala kamera. Naanza na mono, yaani mwanafunzi mgeni.

Mtazame mtoto wa kidato cha kwanza wiki zile za mwanzo. Hufua sare za wakubwa kabla ya zake. Hupewa shilingi kumi aende kantini, arudi na mkate, soda na chenji juu! Asipoleta, usiku atakuta godoro limemwagiwa maji. Na anayemtuma mara nyingi ni kiranja. Wapo wanaosema haya humkomaza mtoto. Sikubaliani nao hata kidogo. Anachojifunza ni kwamba mwenye nguvu haulizwi, naye atangoja zamu yake.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, msiwape viranja kazi ya kuadhibu. Mwaka 1999 huko Nyeri, viranja wanne walifariki baada ya wanafunzi wenzao kuwachoma moto wakiwa wamelala. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku mwaka 2001. Tusiirudishe kupitia mikono ya watoto.

Halafu tuwasikilize. Barazani yatatoka mengi: maharagwe yana wadudu, mechi zimefutwa, mitihani ya majaribio imewaelemea. Kila lalamiko lijibiwe mbele yao, hata jibu likiwa hapana, na sababu itolewe. Nimeona wanafunzi wakikubali hapana iliyoelezwa vizuri. Sijaona wakivumilia kimya cha ofisini.

Fujo zina dalili, na anayelala karibu na mabweni huziona. Wakati wa prepu, masomo ya jioni, darasa lenye kelele linanyamaza ghafla mwalimu anapopita. Viatu vizuri na vitabu vinahamishwa kutoka bwenini kupelekwa darasani bila sababu. Ukiona hivyo usingoje kesho. Waite wachache unaowaamini, mmoja mmoja, na usimtaje aliyekuambia.

Milango nayo tusiifanyie mzaha. Shule ya Kyanguli, Machakos, Machi 2001, bweni lilichomwa usiku na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli, madirisha yana vyuma. Kila jioni mwalimu wa zamu azunguke mwenyewe, ashike kila mlango kwa mkono wake, ahakikishe unafunguka kwenda nje.

Nanyi wazazi, siku ya kuwatembelea watoto, alama zingoje kwanza. Muulize mwanao analala kitanda gani, jirani yake ni nani, na nguo anazofua ni za nani. Akikwepa hilo la mwisho, mtafute mwalimu wa ushauri kabla hujapanda gari. Shule isipokusikiliza, piga 116, simu ya watoto. Haina malipo.