Utii wa Katherina na Kitunguu cha Bartholomew

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la juma hili limeuliza kama Katherina, katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Taming of the Shrew, mwishoni ametiishwa kweli na mumewe Petruchio au anaigiza utii tu ili apate amani. Mimi nakataa kuchagua upande. Tamthilia yenyewe, kabla Katherina hajatamka hata neno moja, imekwisha kutuonyesha mtu anayeigiza utii na papo hapo akatii kwelikweli, wala mambo hayo mawili hayagombani ndani yake.

Mtu huyo ni kijana wa kutumwa aitwaye Bartholomew, naye anapatikana katika utangulizi ambao waongozaji wengi huukata kwa kudhani kwamba unachelewesha hadithi. Christopher Sly, fundi wa kuziba masufuria, amelewa chakari na kulala mlangoni mwa kilabu cha pombe. Bwana mmoja tajiri anayerejea kutoka mawindoni anamkuta hapo, anaamuru abebwe hadi kwenye jumba lake, avishwe nguo nzuri, na atakapozinduka aambiwe kwamba yeye ni mheshimiwa aliyerukwa na akili kwa miaka mingi. Ili mzaha huo ukamilike anahitajika mke, na hapo ndipo bwana anapoagiza Bartholomew avae nguo za kike, aige mienendo aliyoiona kwa mabibi wa ukoo bora mbele ya waume zao, na aseme kwa sauti ya chini yenye adabu. Ikiwa hataweza kulia kwa kuamriwa, afiche kitunguu ndani ya kitambaa. Kijana anatekeleza yote, na anapofika mbele ya Sly anamwambia kuwa yeye ni mume wake na bwana wake, bwana wake na mume wake, naye ni mkewe katika utii wote.

Hotuba ya kwanza ya mke mtiifu katika tamthilia hii, basi, inatolewa na mvulana aliyeazima gauni, kwa maneno aliyofundishwa na machozi ya kitunguu. Wanaosema kwamba Katherina anaigiza wangeweza kuishia hapo na kudai ushindi, hasa tukikumbuka kwamba tamthilia hii ya mwanzoni mwa miaka ya 1590 iliandikwa wakati ambapo wanawake hawakuigiza katika majumba ya michezo ya London, kwa hiyo Katherina naye alikuwa mvulana ndani ya gauni. Lakini hebu tumtazame tena Bartholomew. Yeye ni mtumishi. Bwana wake ameagiza, naye hakuulizwa kama anapenda. Machozi yake ni ya uongo, lakini utii wake kwa yule aliyemtuma kuyatoa ni wa kweli kabisa, na angekataa angepoteza kazi yake au kuchapwa. Kuigiza hakukumpa uhuru wowote. Ndiyo kazi yenyewe aliyopewa.

Huko Padua, mji wa Italia inapotokea hadithi ambayo waigizaji wanamchezea Sly baada ya mzaha huo, karibu kila mtu amevaa sura ya mwingine. Baptista Minola ameapa kwamba binti yake mdogo, Bianca, hataposwa mpaka dada yake Katherina mwenye ulimi mkali aolewe kwanza, na wachumba wa Bianca wanatafuta njia za kupenya. Lucentio, kijana tajiri kutoka Pisa, anajifanya mwalimu wa Kilatini, na Hortensio anajifanya mwalimu wa muziki, akaambulia kupigwa kichwani na Katherina kwa ala ya nyuzi inayofanana na udi mpaka kichwa kikatokeza upande wa pili. Tranio, mtumishi wa Lucentio, anavaa nguo za bwana wake na kwenda kwa Baptista kumgombea Bianca dhidi ya mzee Gremio, mchumba mwingine, kila mmoja akitaja nyumba, mashamba na merikebu alizo nazo au asizo nazo. Baptista anasema wazi kwamba atakayemhakikishia binti yake mali nyingi zaidi endapo mume atatangulia kufa ndiye atakayempata. Sijui kama kuna mandhari nyingine katika vichekesho vya zama hizo inayoonyesha posa ikifanyika kama mnada bila aibu kiasi hiki.

Namtazama sana Tranio, kwa sababu yeye ndiye anayenufaika zaidi na mavazi ya kuazima. Akiwa ndani ya hariri anasema kama bwana, anapanga ndoa, na baba halisi wa Lucentio anapotokea na kumtambua, Tranio anathubutu kumwita afisa ili mzee huyo apelekwe gerezani. Hata hivyo katika karamu ya mwisho yuko pale kama mtumishi, na kilichomwokoa ni kwamba Lucentio aliomba asamehewe, akieleza kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemshurutisha kufanya aliyoyafanya. Nguo zilimpa mamlaka kwa siku chache, kwa ruhusa ya mwenye nguo.

Petruchio, tofauti na Lucentio na Hortensio, hajifichi, na hilo linapaswa kutusumbua. Anafika kutoka Verona, anatangaza mbele ya rafiki zake kwamba amekuja Padua kuoa mali, na swali lake la maana kwa Baptista ni kiasi atakachopata pamoja na mke. Jibu ni krauni 20,000 sasa hivi, na nusu ya mashamba baada ya kifo cha mzee. (Hapa ieleweke kwamba mali inatoka kwa baba wa bibi harusi kwenda kwa mume, kinyume cha mahari tuliyoizoea.) Kwa Katherina mwenyewe anasema kwamba atamwoa atake asitake. Binti anampiga kofi, naye anaapa kwamba akipigwa tena atalipiza. Baada ya hapo anawaambia wenzake uongo mmoja wenye manufaa makubwa: kwamba wao wawili wameafikiana Katherina aendelee kuwa mkali hadharani. Kwa uongo huo, hata akipinga, upinzani wake umekwisha kupewa jina la maigizo. Katherina anatamka kwamba angependa kumwona Petruchio akinyongwa siku hiyo ya harusi, na wanaume wanaendelea kupeana mikono.

Siku ya harusi mavazi yanatumika tena, lakini kwa namna tofauti na wenzake wote. Petruchio anachelewa, anafika na kofia mpya juu ya koti kuukuu, suruali iliyogeuzwa mara tatu na farasi mgonjwa, na anapoombwa abadili anasema kwamba Katherina anaolewa naye, haolewi na nguo zake. Kanisani anampiga kasisi, kisha anamwondoa bibi harusi kabla ya karamu, akitangaza kwamba mwanamke huyo ni mali yake, vyombo vyake, shamba lake, ghala lake, farasi wake, ng'ombe wake, punda wake. Wapo wanaoyachukua maneno hayo kuwa kejeli ya Petruchio dhidi ya desturi za Padua. Inawezekana. Ila sheria ya Uingereza ya wakati huo ilimpa mume mali inayohamishika ya mkewe mara tu ndoa ilipofungwa, kwa hiyo kejeli hiyo, kama ni kejeli, ilikuwa na nguvu ya mahakama nyuma yake.

Yanayotokea nyumbani kwa Petruchio ni magumu kuyacheka. Nyama inarudishwa jikoni kwa kisingizio kwamba imeungua, kitanda kinavurugwa usiku, na yote yanafanywa kwa jina la kumjali sana mke. Petruchio anapobaki peke yake jukwaani anatueleza mbinu yake bila kuficha: anamfundisha Katherina kama kipanga anayefunzwa kuwinda, ambaye hunyimwa chakula na usingizi mpaka aje mkononi mwa mwenye kumfuga. Watu wa zama hizo waliojua uwindaji wa ndege walifahamu kwamba mfugaji naye hukesha pamoja na ndege wake, na wapo wanaoliona hilo kuwa dalili ya upendo. Mimi naona tu kwamba mmoja wao anaweza kwenda kulala wakati wowote atakapo. Kisha yanaletwa gauni na kofia ambavyo Katherina anavipenda, na Petruchio anavirudisha. Katika tamthilia iliyojaa watu wanaojichagulia mavazi, Katherina peke yake ananyimwa hata nguo anayoitaka.

Ndipo wanapokuwa njiani kurudi Padua, mchana, Petruchio anausifu mwezi unavyong'aa. Katherina anasema ni jua. Mume anatishia kugeuza farasi warudi nyumbani, na Hortensio anamsihi Katherina akubali ili safari iendelee. Anakubali: iwe mwezi, iwe jua, hata akiuita mshumaa, kwake itakuwa hivyo. Muda mfupi baadaye wanakutana na mzee Vincentio, baba wa Lucentio, Petruchio anamwita bibi mdogo mzuri, na Katherina anapita mbele zaidi yake, anamsalimu mzee huyo kama mwanamwali mbichi anayechanua. Anaposahihishwa anaomba radhi kwamba macho yake yametiwa kiwi na jua. Neno hilo, jua, amelirudisha kwa hila. Mandhari haya ndiyo hoja bora ya wale wanaoamini kwamba amejifunza kucheza, nami nakubali kwamba akili yake imo humo nzima. Lakini ameanza kucheza baada ya kuambiwa kwamba bila mchezo hakuna safari ya kurudi kwa baba yake.

Katika karamu ya mwisho, wanaume watatu wanawekeana dau la kuona mke wa nani atakuja akiitwa. Linatajwa kwanza la krauni 20, na Petruchio anajibu kwamba kiasi hicho angekiweka kwa kipanga wake au mbwa wake, ila kwa mkewe angeweka mara ishirini zaidi. Wanakubaliana krauni 100. Bianca mpole anajibu kwamba ana shughuli. Mke mpya wa Hortensio, mjane mwenye mali, anaagiza mume ndiye amfuate. Katherina anakuja. Hapa Lucentio anagundua asichokijua katika majuma yote ya kujifanya mwalimu: alimposa Bianca kwa uongo, na upole wa Bianca nao ulikuwa vazi, tena lililoshonwa vizuri kuliko yote, kwa kuwa hakuhitaji kubadili jina wala kofia.

Hotuba ndefu ya Katherina inafuata baada ya dau kuwa limekwisha kupatikana. Petruchio anaidai kama nyongeza. Katherina anasema kwamba mume hutaabika baharini na nchi kavu ili mke alale nyumbani kwa joto na usalama, na kwamba hadai kingine ila upendo, uso mzuri na utii. Hakuna mtu jukwaani anayelingana na maelezo hayo. Petruchio amerithi kwa baba yake, hatujamwona akifanya kazi yoyote, na kwa utii huohuo anachukua fedha za rafiki zake. Katika filamu ya mwaka 1929 Mary Pickford aliongeza konyezo kwa Bianca, na tangu hapo waigizaji wengi wametafuta namna yao ya kumwokoa Katherina. Siwalaumu. Naona tu kwamba konyezo haliondoi kitu, kama vile kitunguu cha Bartholomew hakikumfanya asiwe mtumishi wa bwana yule.

Wasomaji waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia nyingine ya Shakespeare, The Merchant of Venice, watanipinga kwa kumtaja Portia, anayevaa joho la wakili, anashinda kesi, na kumtega mumewe kwa pete mpaka aombe msamaha. Ni kweli, kwake maigizo ni nguvu. Lakini Portia ana mali yake, baba yake amekwisha kufa, na joho lile amejichagulia. Hakuna aliyemnyima chakula mpaka alivae. Watu wa zama za Shakespeare wenyewe waliuona upungufu huo, kwani John Fletcher aliandika tamthilia ya kujibu ambamo Petruchio mjane anaoa tena, na mke wa pili, Maria, anajifungia pamoja na wanawake wenzake mpaka mume akubali masharti; mwaka 1633 tamthilia hizo mbili zilichezwa mbele ya mfalme zikiachana kwa siku mbili tu. Maria anajadiliana akiwa na akiba ya chakula ndani na mlango umefungwa kwa upande wake.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu ni kwamba Katherina anaigiza, na ametiishwa, na la kwanza ni sehemu ya la pili. Anayetaka kulipima hilo asihangaike na uso wa mwigizaji, ahesabu fedha. Krauni 20,000 za posa, nyingine 20,000 ambazo Baptista anaziongeza karamuni kwa kuwa amepata binti mpya, pamoja na dau, zote zinaingia mikononi mwa Petruchio. Ahadi pekee ya mali iliyotajwa kwa ajili ya Katherina ni ile ya siku ya posa, kwamba atapata mashamba ya mumewe endapo ataishi kuliko yeye.